Mama N'tilie Alibaki na Shilingi Ngapi?

Swali liliulizwa na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, dawati la nyuma, kipindi cha mwisho cha Jumatano, saa ambayo darasa zima linasikilizia kengele. Tulikuwa tunamaliza Watoto wa Mama N'tilie. Ubaoni nilikuwa nimeshajaza dhamira, migogoro, ujumbe na falsafa ya mwandishi, yale yote ambayo mtihani wa taifa huyapenda. Akanyoosha mkono. "Mwalimu, yule mama akishauza chakula chake, akatoa hela ya unga na ya kuni, alikuwa anabaki na shilingi ngapi?"

Wenzake wakacheka. Mama yake anauza chai na maandazi hapa Haydom na wote wanamjua, wakadhani analeta mambo ya kwao darasani. Mimi nikasema tutaliangalia swali hilo kipindi kijacho. Ndivyo anavyosema mwalimu asipojua.

Usiku, mtoto alipolala, nilikaa na kitabu na penseli kutafuta jibu. Riwaya hii ya Emmanuel Mbogo nimeifundisha mara nyingi kiasi kwamba naweza kuisimulia huku nasonga ugali, lakini sikuwahi kuisoma kama mtu anayekagua daftari la duka. Pesa imo kila mahali. Lomolomo, mume, anainywa. Zita na Peter wanarudishwa nyumbani na Mwalimu Chikoya kwa sababu ya ada na sare. Wanakwenda jalalani kwa sababu ya pesa hiyo hiyo. Na mama, ingawa ana mume ndani ya nyumba, kwa hesabu zote ni mzazi mmoja: anayetafuta ni yeye, anayepika ni yeye, anayeumiza kichwa kuhusu kesho ni yeye.

Lakini daftari halimo. Mtaji wake aliukopa au aliudunduliza? Wateja wangapi walikula wakasema watalipa kesho? Chakula kikibaki jioni, kilihesabiwa kuwa hasara, au ndicho kilichokuwa chakula cha watoto? Riwaya inatuambia kwamba pesa haitoshi. Haituonyeshi inavyokosa kutosha. Hapo katikati, naona, ndipo fasihi yetu inapompoteza mwanamke anayelea peke yake.

Nilikuwa na sababu ya kulichukulia swali lile kwa uzito. Mimi ni yule anayeitwa mtaani singo maza, jina ambalo wengine hulitamka kama pole na wengine kama tusi. Mwanangu ana miaka saba. Muhula ule ule nilikuwa nimekwenda ofisi ya ustawi wa jamii kuomba baba yake achangie matunzo. Baba mwenyewe sitamsema hapa; yuko mkoa mwingine na ana upande wake wa hadithi. Afisa akanitaka nilete orodha ya matumizi ya mtoto kwa mwezi. Nikaandika kurasa mbili. Niliandika jinsi tunavyoishi, jinsi mtoto alivyoshikwa na kifua wakati wa baridi ya Juni, jinsi ninavyojinyima. Afisa alisoma mpaka mwisho, kwa heshima kabisa, halafu akasema, "Mwalimu, hii ni barua nzuri. Mimi nataka namba."

Nilitoka pale na aibu ya kitaaluma. Nilikuwa nimeandika kwa mtindo wa vitabu ninavyofundisha: mateso mengi, hesabu hakuna.

Yapo maandishi ambayo yaliwahi kumwekea mama wa aina yangu namba, nayo ni sheria. Sheria ya zamani ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa, tuliyoirithi kwa Mwingereza, ilimruhusu hakimu kuamuru baba atoe matunzo yasiyozidi shilingi 100 kwa mwezi. Kuna wakati shilingi 100 ilikuwa pesa. Kikomo kile kiliendelea kukaa vitabuni mpaka Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilipokuja kuifuta sheria yenyewe, na kufikia hapo shilingi 100 ilikuwa bei ya andazi. Andazi moja kwa mwezi. Sijui tamthiliya iliyosema kwa ukali huo jinsi tulivyomtazama mwanamke aliyezaa bila ndoa. Na wala hakukuwa na mtu aliyekaa akapanga kumdhalilisha. Walimsahau tu, na namba ikabaki kama ushahidi.

Sheria mpya haitaji kiasi. Inamtaka hakimu atazame kipato na mali za wazazi wote wawili, atazame mzigo wa watoto wengine wanaowategemea, na, kipengele ninachokipenda kuliko vyote, atazame gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Wangu anaishi Haydom. Kwa hiyo lazima pawepo mahali palipoandikwa Haydom inagharimu nini, nami sikuwa na kitabu cha kunionyesha namna ya kuandika jambo hilo.

Watu wa mbali wanaijua Haydom kwa hospitali iliyofunguliwa na wamisionari wa Kinorwe mwaka 1955, na ni kweli mji umeota pembeni yake. Wagonjwa huja na ndugu wa kuwauguza. Anayeuguza hana jiko, kwa hiyo ananunua chai. Kwa hiyo mama wa mwanafunzi wangu ana biashara. Hiyo tayari ni sura ya kwanza ya riwaya. Debe la mahindi baada ya mavuno si debe la mahindi la Februari, ingawa ni debe lile lile. Vumbi la barabara ya Mbulu limo ndani ya bei ya kila kitu kinacholetwa na lori. Na mtu wa Dar es Salaam akiona sweta kwenye orodha ya matumizi ya mtoto anaweza kudhani ni urembo. Aje asubuhi ya Julai asimame na watoto mstarini.

Nikaandika orodha ya pili. Maziwa nusu lita kwa siku, shilingi 600, kwa mwezi 18,000. Dada wa kazi, 60,000, maana mimi nikiwa darasani mtoto lazima awe na mtu. Mchango wa chakula shuleni. Madaftari. Viatu, ambavyo hugawanywa kwa miezi kumi na miwili kwenye karatasi lakini hulipiwa siku moja dukani. Nilipofika kwenye ugali nikakwama. Tunakula sufuria moja. Niigawe vipi? Na chumba: kama mtoto asingekuwepo ningepanga chumba kimoja, sasa napanga viwili, je, chumba cha pili ni matumizi ya mtoto au ni maisha yangu? Nikahesabu nusu, nikafuta, nikaandika theluthi, nikajiona mwizi, nikarudisha nusu.

Kujumlisha na kutoa kulinichukua dakika kumi. Kilichonikesha ni kitu ambacho afisa hakukiuliza, yaani nani atasubiri. Mshahara unaingia siku moja; matumizi yanaingia siku thelathini. Mangi wa dukani anasubiri, ila anapunguza salamu. Mwenye nyumba anasubiri mpaka tarehe 5. Dada wa kazi hasubiri, kwa sababu naye ana mama anayemtegemea. Kijumbe wa mchezo wetu wa upatu hasubiri hata siku moja, na hapaswi, kwa sababu siku yangu ikifika nami sitaki kusubiri. Mkopo wa benki hujikata wenyewe kabla sijauona mshahara. Mkopo wa simu ndio mbaya zaidi: unanyamaza, halafu siku hela yoyote ikiingia unaruka kama paka. Mama yangu aliwahi kunitumia shilingi 15,000 nimnunulie dawa ya ng'ombe. Ujumbe wa kupokea na ujumbe wa kukatwa vilifika pamoja. Nilikaa siku tatu natafuta jinsi ya kumwambia, na ng'ombe anaumwa.

Sasa mwandishi wa riwaya anataka nini zaidi ya hapo? Wahusika wapo, siri ipo, muda unakimbia, na kila uamuzi unamuumiza mtu anayeonekana. Tumezoea kudhani kwamba namba hukausha hadithi. Kwangu namba ndizo zilizokuwa hadithi, na zile kurasa mbili za machozi ndizo zilizokuwa kavu.

Kwa jicho hilo nilirudi kabatini. Takadini ya Ben Hanson kwanza, kwa sababu huliza madarasa yangu kila mwaka. Sekai, aliyekaa miaka bila mtoto, anazaa mtoto albino, na kwa kuwa mila inataka mtoto auawe, anamfunga mgongoni na kutoroka. Safari ile ni kati ya kurasa nzuri kabisa ambazo mwanafunzi wa Kitanzania husomeshwa. Lakini mkimbizi akishafika, katika kijiji cha Mtemi Masasa, anapokewa kwa Chivero, mganga mzee mwenye moyo mwema, na swali la watakula nini linapata jibu mapema mno. Baada ya hapo mapambano ni ya kukubaliwa: nani atamsalimu, nani atamcheka mtoto. Sisemi hayo ni madogo. Nasema tu kwamba mama mkimbizi nimjuaye mimi hupambana kwanza na kikombe cha unga, na kukubaliwa kwenyewe mara nyingi hupimwa kwa kikombe hicho: nani atamkopesha na nani atasema umekwisha.

Vitabu vya zamani viliuliza swali jingine kabisa. Mama yangu, aliyekulia upande huu wa Mbulu, husimulia kwamba zamani binti wa Kiiraqw aliyepata mimba kabla ya kuolewa hakuachwa ajifungulie nyumbani kwa baba yake; alitolewa, watu wakiogopa mkosi. Ukisoma tamthiliya ya Penina Muhando ya mwaka 1972 unaona jina lake tu lilivyo: Hatia. Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka mmoja kabla, ilituachia maswali ya malezi, dini na unafiki ambayo hatujayamaliza hadi leo. Ni maandishi yenye nguvu, tena mengine yalimtetea msichana wakati hakuna aliyemtetea. Lakini mawazo yake yamekaa kama kikao cha wazee: nani alifanya, lini, kosa la nani. Kikao kikiisha, wazee wanarudi makwao. Binti anabaki na mtoto, na kesho yake asubuhi mtoto anataka uji. Ukurasa wa uji ndio ninaoutafuta.

Nimeupata mahali pamoja ambapo sikutegemea, Senegali. Riwaya ya Mariama Bâ, iliyoletwa kwa Kiswahili na Clement Maganga kwa jina Barua Ndefu Kama Hii, inasomwa kwetu kama kitabu cha mitala, na ndivyo nilivyofundishwa. Safari hii niliisoma kama kitabu cha mwalimu mwenye watoto kumi na wawili ambaye mume ameondoka. Ramatoulaye anapanga foleni kulipia umeme na maji, mara nyingi akiwa mwanamke peke yake. Anabadilisha vitasa vya milango. Kwenye msiba wa mume anatazama michango ya waombolezaji ikihesabiwa na kuandikwa, na anajua mapema itaishia kwa nani. Kisha yanafunuliwa madeni ya marehemu, na tunaelewa mapenzi yake mapya yalilipiwa na nini: na nyumba wanayoishi watoto. Hapo hesabu inafanya kazi ambayo machozi yasingeweza. Ingawa na mimi nina neno: Ramatoulaye anapochoka na mabasi, rafiki yake Aissatou anamnunulia gari. Nilifunga kitabu nikacheka peke yangu. Rafiki zangu wote tuko kwenye upatu mmoja.

Kuna fasihi nyingine ambayo wasomaji wa gazeti hili huenda hawaihesabu kuwa fasihi, lakini ndiyo inayosomwa zaidi huku: hadithi za mafanikio. Zipo kwenye kalenda, kwenye vipeperushi vya mikopo, kwenye semina za vikundi. Mama alianza na mtaji wa shilingi 20,000, leo ana nyumba ya bati na ng'ombe wawili. Namba zipo, tena zinang'aa, lakini ni mbili tu, ya mwanzo na ya mwisho. Mwezi ambao mtoto alilazwa na mtaji ukaliwa haumo. Haumo mkopo wa kausha damu uliochukuliwa ili kulipa rejesho la mkopo wa kikundi. Riwaya zetu zinampa mama machozi bila hesabu, vipeperushi vinampa hesabu bila siku za katikati, na mimi sijui ni kipi kinachomdhulumu zaidi. Pengine kipeperushi, kwa sababu mama wa jirani hukisoma akajiona mzembe.

Mwenzangu wa idara ya Kiswahili nilipomweleza haya alinipinga, na alikuwa na hoja. Fasihi si ripoti ya mkaguzi, alisema. Bei huzeeka. Ukijaza riwaya bei za unga, baada ya miaka kumi wasomaji watacheka. Nilimjibu kwamba tayari linatokea, na ni jambo zuri. Tangu mwaka 2016 shule za serikali za msingi na za sekondari mpaka Kidato cha Nne hazitozi ada, kwa hiyo wanafunzi wangu wanapomsoma Zita akirudishwa nyumbani huwa wanauliza, "Kwani ada ilikuwa ya nini?" Naeleza. Darasa linatulia kwa namna ambayo halitulii nikitaja dhamira. Kisha mmoja anasema mchango wa chakula, mwingine anasema sare, na wanaanza kuhesabu vinavyolipwa leo badala ya ada. Bei iliyozeeka iliwafungulia mlango. Mwenzangu akasema sawa, lakini hilo ni somo la historia. Hatukukubaliana, na bado hatujakubaliana.

Kipindi kilichofuata nilirudi darasani bila jibu, nikawaambia ukweli: kitabu hakisemi. Basi tukisaidie. Nikawagawa makundi, kila kundi liandike ukurasa mmoja wa daftari la Mama N'tilie, kwa bei za hapa, kwa siku moja. Kundi moja lilimtajirisha kwa faida ya 30,000 kwa siku. Wenzao wakawauliza Lomolomo yuko wapi katika hesabu hiyo. Kundi jingine likasahau kuni.

Yule binti hakubuni. Alikuwa amemwomba mama yake daftari la kweli, la jalada la bluu, lililolowa mafuta pembeni. Akasoma mbele ya darasa, kwa sauti ndogo, siku moja ya wiki iliyopita. Unga wa ngano kilo tatu, 6,000. Sukari, 1,500. Mafuta, 2,500. Hamira, 500. Kuni, 1,500. Jumla 12,000. Maandazi 80 kwa 200, ni 16,000. Wakapiga hesabu kwa pamoja: faida 4,000. Wakapiga makofi kidogo. Yeye akasema bado. Yaliyouzwa kwa hela taslimu ni 65, yaani 13,000. Tisa yamekopwa. Na mstari wa mwisho, kwa mwandiko wa mama yake: sita, tumekula sisi.

"Kwa hiyo mkononi alibaki na 1,000," akasema, akakaa.

Ubishi uliozuka nisingeweza kuupanga hata kwa maandalio ya somo ya wiki nzima. Je, yale sita ni hasara? Kijana wa mbele akasema ndiyo, mtu hali mtaji. Mwingine akasema wasingekula hayo wangenunua chakula kingine, kwa hiyo ni mapato. Msichana ambaye huwa hasemi kitu akauliza kwa nini mama ameyaandika, kama ni yake mwenyewe, nani anamdai? Hapo pakawa kimya kidogo. Mimi nilikuwa nawaza orodha yangu ya ustawi wa jamii, ile sufuria moja ya ugali niliyoshindwa kuigawa, na huyu mama ambaye alikuwa ameigawa kwa maneno matatu.

Nilimwomba binti anipe daftari nilione vizuri. Alisita, kisha akalileta mezani likiwa wazi, kidole gumba kimebana sehemu ya chini ya ukurasa, kwenye majina ya waliokopa. Alikuwa anajaribu kunisitiri, lakini kidole chake ni kidogo na mama yake anaandika kwa herufi kubwa. Wa tatu kutoka juu: Mwl., 4.

Ilikuwa tarehe 19. Mshahara ulikuwa haujaingia.

Jioni nilipita pale na shilingi 800 niliyoitoa kwenye hela ya maziwa. Mama wa binti akapokea, akatafuta ukurasa, akapiga mstari juu ya jina langu kwa kalamu, pole pole, kama mtu anayesahihisha mtihani. Kisha akaniuliza kama ni kweli daftari lake limesomwa shuleni, na watoto walisemaje kuhusu yale sita.

Nikamwambia wamegawanyika.

"Hata mimi," akasema, akanifungia mawili ya kumpelekea mtoto. Nilipotoa mkono kukataa, alikuwa ameshayaandika.